Chemba Iliyoelea na Foleni ya Mawe

Kitu chenyewe kililetwa Kariakoo kimelazwa ubavu juu ya lori, kimefungwa kwa kamba za katani, na kabla hakijashushwa kilikwisha kupewa majina. Mwenye mgahawa alisema ni tangi la maji, serikali imetukumbuka. Mshona viatu alisema ni kipande cha meli. Kilikuwa cha duara, kirefu kuliko mtu, rangi yake kama maziwa yaliyoanza kuganda, kitupu ndani, na chini kimepanuka kama ukingo wa kofia ya pama. Ukikigonga kinalia kama debe, lakini si bati. Wanawake wawili walikuja na ndoo kabisa, wakaziweka chini wakasubiri.

Sisi tuliotumwa kukifukia tulijua kuwa kinaitwa chemba ya faibaglasi, na zaidi ya hapo hatukujua mengi. Chemba za maji taka tulizozizoea zilijengwa kwa matofali humo humo shimoni, ili bomba likiziba mtu apate pa kuteremkia. Hizi mpya zilikuwa msaada kutoka nchi rafiki. Zilikuja na michoro, lakini hakuja mtu wa kuieleza. Katika mchoro, ule ukingo wa chini ulikuwa umezungukwa na vidoti. Msimamizi wetu, mtu wa Songea aliyepima kila kitu kwa macho kabla ya kukipima kwa kamba, alisema vidoti ni mchanga. Fundi bomba alisema ni zege. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza mafunzo ya kulitumikia taifa, nimepangiwa kushika ubao wa vipimo, nimevaa suruali ya kaki ambayo mtaa uliitazama kuliko ulivyoitazama chemba. Sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema sijui.

Na hata kama vidoti vilikuwa zege, saruji haikuwepo. Mji ulikuwa unaingoja saruji kama ulivyokuwa unangoja sukari, sabuni na mchele. Jumatano tuliiteremsha chemba kwa kapi, vibarua wakivuta na kuimba, tukaiunga na bomba, tukapima, ikawa wima. Msimamizi akasema saruji itakuja, kufukia kutafuata. Tukaenda makwetu.

Alhamisi asubuhi tuliikuta imetoka ardhini. Haikutoka yote, ilikuwa imechomoza juu ya barabara na kuinamia upande mmoja, kama mtu aliyetoa kichwa dirishani kusikiliza ugomvi. Upande ule wa Kariakoo unaoelekea Gerezani maji hayako mbali na nyayo. Bahari ikijaa, na ya chini ya ardhi yanapanda. Shimo lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai, na chemba, tupu na nyepesi, ilikuwa inaelea. Msimamizi alilizunguka shimo. Nadhani hakuwahi kuzika kitu kikarudi.

Fundi bomba alisema ikipanda zaidi kidogo itang'oa maungio, na kinyesi cha mtaa mzima kitamwagika hapo. Kuijaza maji haikuwezekana, yangetokea bombani. Msimamizi akaagiza mawe. Mawe tulikuwa nayo, yale magumu meupe ya matumbawe tuliyokuwa tumeyachimba wenyewe na kuyarundika kando ya mtaro wa bomba. Asubuhi ile rundo lilikuwa limepungua, na mengi yalikuwa yamepangwa moja moja ukingoni mwa mtaro, mstari mrefu uliopinda na kwenda hadi kwenye duka la ushirika. Kati yake palikuwa na makopo, ndala, na kikapu kilichotoboka. Vibarua walidhani mlinzi wa usiku ameyapanga ili mikokoteni isitumbukie. Wakamsifu. Wakayaokota, wakayatia ndani ya chemba, makopo na ndala wakayaacha kwa kuwa hayana uzito. Chemba ikashuka taratibu, ikitoa mapovu, ikasimama. Tukashangilia kidogo.

Kwa waliozaliwa baadaye inabidi nieleze. Wakati ule habari ikivuja kwamba dukani kutaletwa kitu, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na asiyeweza kusimama aliweka jiwe. Jiwe lilikuwa ni yeye. Ungeweza kwenda kazini, ukarudi ukakuta jiwe lako limesogezwa mbele na majirani, kwa haki, kama ambavyo ungesogezwa wewe. Sisi sote tuliijua desturi hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na jiwe langu huko Ilala. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mawe ya mtaro yangeweza kuwa watu.

Wenyewe walianza kutoka majumbani gari la mchele lilipoonekana. Walitazama barabara, wakatutazama sisi, wakachungulia ndani ya chemba. Kinyozi, ambaye kiti chake kilikuwa chini ya ukumbi wa duka, ndiye aliyesema kwanza.

"Ndugu msimamizi, mimi umeniweka wapi?"

Msimamizi alijibu kwamba mawe ni mali ya kazi. Aliuliza nani kati yao alikuja na jiwe kutoka kwao. Ilikuwa kweli, wote walikuwa wameyatoa kwenye rundo letu. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, bila kupaza sauti, "Jiwe lilikuwa lako, baba. Zamu ilikuwa yangu."

Msimamizi alisema tu kwamba akiyatoa mawe kitu kitapanda, bomba litang'oka, na akawauliza huo mchele watauosha kwa maji gani.

Aliitwa balozi wa nyumba kumi, mama wa makamo aliyekuja na unga wa maandazi mikononi. Aliwasikiliza wote kwa pamoja, maana hakuna aliyekubali kusubiri mwingine amalize. Kisha akaamua. Waliopo wataje nani alikuwa mbele yao. Wasiokuwepo, walio kazini na wagonjwa, lazima mawe yao yarudi barabarani, wasije wakakuta wamepotea. Na kwa kuwa chemba haiwezi kuachwa nyepesi, wenye nguvu waliopo wakae juu yake.

Basi mbao nene ziliwekwa kukingama mdomo wa chemba, vibarua wakatoa mawe kupitia kati yake, na kadiri yalivyopungua wanaume wa foleni wakapanda kukaa, kinyozi akiwa wa kwanza. Walikaa wamebanana kama kwenye benchi la zahanati, miguu ikining'inia, huku barabarani mawe yakiwasimamia. Msimamizi aliniamuru nisome vipimo kuona kama inapanda. Nilisoma. Haikupanda. Mtu mmoja alipotaka kwenda haja walimzuia.

Foleni ikaanza kurudi. "Mbele yangu kulikuwa na ndala ya kijani." "Mimi nyuma ya kikapu." Makopo na ndala ambazo vibarua walizidharau ndizo zilizokuwa alama, na watu walijipanga kwazo. Ilienda vizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka ilipofika zamu ya mjane.

Nyumba yake ilitazamana na shimo letu. Mumewe alikuwa amefariki wiki kadhaa kabla, naye alikuwa ndani anakaa eda, haonekani ila na wanawake. Nilimfahamu kwa sababu nilikwenda kwake kuomba maji ya kunywa. Hitma ya arobaini ilikuwa Ijumaa, yaani kesho yake. Jamaa wa Rufiji walikuwa wamekwisha kuwasili na mikeka yao, na ndani hamkuwa na hata punje ya mchele. Mpangaji wake mmoja alikuwa amemwekea jiwe alfajiri, kisha akaenda kazini kwenye karakana. Duka likifungwa kabla mjane hajapata, watu wa hitma wangesoma na kuondoka na midomo mikavu.

Balozi alinitazama. Wanaume hawangeweza kuingia, na yeye mwenyewe asingethubutu kuiacha ile foleni hata kidogo. "Wewe binti wa suruali, kamuulize mwenyewe jiwe lake liko wapi."

Alikuwa chumbani, amejifunika nguo nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jiwe sijaliona, mwanangu," alisema. "Niliambiwa niko nyuma ya kopo la samli. Basi."

Nilitoka na jibu hilo nikiwa nimefurahi, nikalisema kwa sauti. Hapo ndipo nilipotazama barabarani vizuri. Makopo ya samli yalikuwa mawili. Moja lilikuwa karibu na mlango wa duka, jingine mbali kule mwisho, karibu na msikiti, ambako kwa jinsi magunia yalivyokuwa machache mchele usingefika. Yalikuwa sawasawa, na ng'ombe yule yule ubavuni. Wenye makopo hayo hawakuwepo hapo kujibu, na kati ya waliokuwa nyuma yake aliyekuwepo ni mmoja tu. Kinyozi alisema kutoka juu ya chemba kwamba yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kopo la mbele.

Alilisema wazi, na sikumwona kama mtu anayedanganya. Alikuwa na wageni nyumbani, kila mtu alijua. Fundi bomba alipanda baiskeli kwenda kumuuliza mpangaji, akarudi akisema langoni hawakumruhusu kuingia. Duka likafunguliwa. Mwuzaji akagonga mizani. Balozi aliniuliza tena mjane alisema nini, nikarudia maneno yale yale, kwa kuwa sikuwa na mengine.

Kinyozi aliuliza, "Mjane gani? Yule wa nyumba hiyo?"

Akaambiwa ndiye. Alitazama mlango wa nyumba ile, uliokuwa na pazia tu. Halafu akasema kwamba, ah, alikuwa amechanganya, alikuja na usingizi. Kopo lake yeye ni lile la nyuma.

Walimcheka. Jirani yake kwenye ubao alimwambia mtu anayesahau alipoweka jiwe atakuja kumkata mtu sikio. Balozi akaita jina la nyumba ya mjane, mmoja wa jamaa wa Rufiji akasimama nyuma ya kopo la mbele, na baada ya muda akatoka na mchele kwenye kapu. Uliisha kabla ya kopo la pili, kama tulivyojua utaisha. Kinyozi alikuwa bado amekaa juu ya chemba yetu.

Nilidhani jambo limekwisha. Lakini mjane aliniita. Kapu lilikuwa mbele yake, halijaguswa, na wanawake wameketi kuizunguka sufuria tupu. Alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Aliniambia hawezi kumsomea mumewe kwa chakula ambacho ni haki ya mtu mwingine, na akanituma nikamuulize kinyozi ukweli: kopo lake lilikuwa lipi.

Nilikwenda nikamuuliza, nimesimama chini, yeye yuko juu. Maji yalikuwa yameanza kupungua na wenzake walikuwa wakishuka mmoja mmoja.

"Mwambie aupike."

Nikasema anauliza kopo lipi.

"Binti, nimewashikilia mavi ya mtaa mzima tangu asubuhi, na bado mnanihoji. Mwambie aupike."

Nilirudi nikayasema kama yalivyo, bila lile neno moja. Mjane alinitaka niyarudie. Nikarudia. Akauliza kama alicheka aliposema. Nikasema hapana. Kama alikasirika. Nikasema sikuweza kujua. Na kweli sikuweza. Mtu aliyesahau angesema hivyo, na mtu aliyetoa angesema hivyo pia.

Mjane akavuta ungo, akaugawa mchele kwa mikono yake, nusu kwenye ungo, nusu kwenye kapu, akiangalia usizidi huku wala kule. Mwanamke mmoja wa Rufiji alinung'unika kwamba watu wa hitma watalamba vidole. Mjane alimwambia basi watalamba. Nilifunika ungo kwa kanga, nikapeleka nyumbani kwa kinyozi, nyuma ya duka. Mkewe aliupokea bila kuuliza umetoka wapi wala kwa nini, akaumimina kwenye chombo chake, na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, akaweka nazi mbili kwenye ungo na kunirudishia.

Mjane alizitazama zile nazi kwa muda mrefu. Aliniuliza mke alisema nini alipozitoa. Nikasema alisema asante, tena pole. Akaniuliza lipi lilitangulia, asante au pole, nami nilikuwa nimekwisha kusahau.

"Haya," alisema.

Akaivuta mbuzi, akaikalia, akapasua nazi ya kwanza na kuanza kukuna, na wanawake wakaanza kupepeta ule mchele uliobaki. Huko nje msimamizi alikuwa ananiita nije nishike ubao.