Minazi Isiyozaa ya Mwanangu

Nyinyi vijana mnaojenga siku hizi, someni haya kabla hamjamwita mtu wa kuwapambia ua. Mimi sikusoma sana, lakini miti naijua kumshinda huyo aliyeletwa na mwanangu hapa Kiplombe, akiwa na simu mkononi badala ya jembe.

Kando ya nyumba nilikuwa na senetwet, kichaka cha maua ya manjano ambacho hakuna mtu aliyewahi kukimwagilia maji. Kijiti chake ndicho tunachochoma, makaa yake tunasugulia ndani ya kibuyu, ndipo maziwa yanakuwa mursik, maziwa yetu ya mgando. Yule bwana akasema ni pori, kinaharibia nyumba sura. Nilikuwa kanisani siku hiyo. Nikarudi nikakuta wameking'oa mpaka mizizi, na mahali pake wamepanda miti kama minazi isiyozaa, imejipanga kama watu wanaongoja kupigwa picha.

Nilimwambia mwanangu kwamba mti wa hapa unachaguliwa mwezi wa pili, ule upepo mkavu ukivuma. Wewe unatembea kwa miguu, unaangalia ulio kijani bila mtu kuubebea maji: mtarakwa, mzeituni wa mwitu. Huo ndio unaoupanda. Akacheka. Akasema nimebaki nyuma, yeye atanunua mpira wa maji.

Mwezi wa pili ukafika, mfereji ukakauka. Watoto wakawa wanaoga kwa ndoo moja, wote, huku minazi yake ikinywa sita, na bado majani yakawa kama fagio la kutupwa.

Wakati huohuo tukapata habari kwamba watu wa kumposa mjukuu wangu wanakuja baada ya wiki tatu. Huyo msichana nimemlea mimi. Wageni kama hao ukiwapa maziwa ya pakiti wataondoka wakisema nyumba hii haina mama, na aibu hiyo ataolewa nayo. Vibuyu nilikuwa navyo. Kijiti sikuwa nacho. Nikaenda kwa jirani, mama aliyehamia hapa kutoka magharibi, ambaye ua wake wa senetwet mwanangu alizoea kuuita kichaka cha nyoka. Alinisimamisha langoni kwanza.

"Mama, kumbe hata watu wa minazi wanahitaji kichaka cha nyoka?"

Alikuwa na haki. Akaniacha nisimame kidogo tena, kisha akanikatia mzigo mzima.

Siku ya posa wageni walikunywa, wakaomba kuongezewa, na mambo ya msichana yakaenda sawa. Mzee wao mmoja akauliza kwa upole ile miti iliyokauka ni ya kazi gani. Mwanangu akainuka kuwaongezea wageni maziwa.

Walipoondoka niliwaita wote sebuleni, mwanangu nikamketisha mbele.

"Kesho asubuhi kila mtu ashike jembe. Hiyo minazi yote ing'olewe. Wewe utaenda mwenyewe kwa jirani, useme pole kwanza, halafu uombe mbegu ya senetwet. Mvua ikianza tunapanda mtarakwa upande wa upepo. Na watoto waoge leo, kila mmoja na ndoo yake."