Nilipinga hoja kwenye kikao cha mawakili, na mimi ni fundi wa sweta

Wakuu, niaje. Leo nimeweka mashine kando niwape hii stori vile ilivyokuwa. Sijaongeza chumvi. Ukifika mahali naonekana mjinga, jua hapo ndipo ukweli ulikolea.

Mimi ni mtu wa nyumba. Nafuma sweta za shule kwa mashine hapa mtaa wa Kianda, kwa chumba hicho hicho tunacholala, na nikichoka kufuma napumzika kwa kiti hicho hicho nilichofumia. Majirani huniita Landlord. Sina hata choo changu, lakini sitoki, kwa hivyo wanaona kama plot ni yangu.

Mke wangu Mwende ni kinyume kabisa. Mtu wa Kitui, mchangamfu. Ukimtuma sokoni akanunue nyanya anarudi na rafiki mpya, nyanya amezisahau.

Yeye ni secretary kwa ofisi ya wakili mmoja mama, Wakili Nyaboke, huko Kawangware, juu ya duka la hardware. Mwaka huu Nyaboke alipewa kuongoza kamati ya kupanga convention ya mwaka ya chama chao cha mawakili. Akamfanya Mwende coordinator. Yaani ratiba yote ilikuwa mkononi mwa wife: asubuhi masomo, jioni starehe.

Kwa wale hawajui, wakili lazima kila mwaka ahudhurie masomo apate points, la sivyo leseni inamsumbua. Sasa wanakuja convention, wanasign asubuhi, halafu unawapata swimming pool. Kazi ya Mwende ilikuwa kuwakalisha darasani watu ambao wanalipwa kutafuta mianya.

Alipata dawa. Aliamua tiketi za lunch zitolewe ndani ya ukumbi, somo likiisha. Nilijivunia, wacha niseme.

Lakini upande wa starehe ulikuwa wa Wakili Steve.

Steve alikuwa anapiga simu tukiwa kwa ugali. "Madam Coordinator!" Simu iko sikioni mwa Mwende lakini kwa single room hakuna simu ya mtu mmoja. Kamati ya masomo ilitaka Ijumaa alasiri iwe somo la maadili ya kazi. Steve alitaka alasiri hiyo hiyo iwe nyama choma kando ya ziwa. Basi wanabishana. Maadili, mbuzi, maadili, mbuzi.

Na Mwende anacheka.

Wakuu, nilidhani najua vicheko vyote vya huyu mama. Kuna kile cha majirani, kuna cha kanisani, kuna cha kunionea huruma. Hiki kilikuwa kinaanzia chini ya tumbo, kinatoka na machozi kidogo. Nilikuwa nakijua zamani. Sikumbuki kilihama lini kwangu.

Nikaanza kuangalia picha ya Steve WhatsApp. Suti ya blue, kiatu kinang'aa, kifundo cha mguu kiko nje.

Nikamwambia Mwende, "Huyu wakili wenu hana soksi?"

"Ni style, Baba Neema."

"Kwetu hiyo ni shida, watu huchangiwa."

Hakucheka. Kicheko cha siku hiyo kilikuwa kimeisha kwa simu.

Sasa kuna jambo lazima niliseme hapa, kwa sababu ndilo lilinimaliza. Mwende aliniomba niende na yeye. Convention ilikuwa Naivasha, na alikuwa amepanga programu ya wenza: kutembelea shamba la maua, chai, halafu wakili mmoja anaongea na mabibi na mabwana kuhusu mali ya wanandoa. Akanionyesha kwa simu, jioni, akiwa na furaha kama mtoto anaonyesha mchoro.

Nikasema nina oda za sweta.

Akasema sawa. Hakuniomba tena. Mwende huomba kitu mpaka ukubali au uhame. Hiyo "sawa" moja ilinikosesha raha kuliko simu zote za Steve.

Jumamosi moja kamati ilikuwa inakutana pale ofisini Kawangware. Mwende akaondoka, akasahau charger.

Ile charger niliiangalia vile mtu huangalia barua ya kazi. Nikaoga. Nikavaa shati la harusi za watu.

Mama Boi anayeuza mboga kwa gate akaniona nikitoka. "Landlord! Nani amekufa?"

"Hakuna mtu. Napeleka charger."

"Na hilo shati? Unaichumbia?"

Nikachukua boda kabla watu wajae.

Kufika, nikapata mawakili wamezunguka meza, Mwende kwa kona na laptop. Aliponiona alishtuka, akadhani mtoto ni mgonjwa. Nikainua charger. Nyaboke, mama wa miwani kwa ncha ya pua, akanionyesha benchi ya wateja. "Keti hapo, tunamaliza."

Hawa watu hawaongei kama sisi. Kwao mtu hasemi tu "tufanye hivi". Mmoja anasimama, anatoa hoja. Mwingine lazima aunge mkono. Bila wa pili, hoja inakufa hata kama ni nzuri namna gani. Nilikuta wametoa hoja ya kufungua dirisha.

Steve alikuja mpaka kwa benchi kunisalimia. Ni mrefu kuliko picha. "Baba Neema! Mwende hutuambia sweta zako hazipasuki kwapa." Mkono wake ulikuwa na joto, na alionekana amefurahi kweli kuniona. Hiyo iliniuma. Mtu ukishaamua kumchukia, angalau akusaidie kidogo.

Akarudi kwa meza. Hakukaa.

"Madam Chair, natoa hoja kwamba dansi ya kufungua sherehe ya gala ichezwe na kamati. Mimi niwakilishe starehe, na Madam Coordinator awakilishe masomo. Ndiyo watu waone tumeacha kupigana."

Wakacheka. Mwende akafunika uso na mikono, anacheka. Kile kicheko.

Sijui ni nani alifungua mdomo wangu.

"Napinga!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata nyundo ya hardware huko chini ilikuwa imesimama.

Nyaboke akashusha miwani. "Nani amepinga?"

"Mimi."

"Wewe ni wakili?"

"La. Mimi ni bwanake."

"Bwana hana locus," akasema, akaendelea kuandika. Hiyo kwao ni kusema sina haki ya kusikizwa mahali hapo.

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa suti akaomba nisikizwe kama mtu anayeathirika na hoja. Nyaboke akakataa. Mwingine akauliza kama ningependa kukata rufaa. Nami nimebaki nimesimama, nikiwa na charger mkononi, nimevaa shati la sherehe.

"Hoja ya dansi haijaungwa mkono," Nyaboke akasema. "Kuna anayeunga?"

Hakuna aliyeinua mkono. Walinionea huruma, nikaona kwa macho yao. Steve mwenyewe alikuwa ameanza kukaa. Nikasema moyoni, asante Mungu, imekufa.

Mwende akafunga laptop polepole.

"Naunga mkono."

Hoja ikapita. Nikaweka charger kwa benchi, nikashuka ngazi.

Jioni alirudi, akavua viatu, akakaa kwa kitanda bila kuwasha TV. Nikangoja kelele. Ingekuwa afadhali.

"Harusi ya dada yangu hukuja. Ulisema mgongo."

Nikavuta uzi uliokuwa umening'inia kwa mashine.

"Graduation ya Neema ya nursery, hapa tu mtaa wa Olympic, hukuja. Naivasha nimekuomba, ukasema sweta. Lakini Kawangware umefika. Umeoga, hata." Akaniangalia. "Kumbe miguu unayo, Baba Neema. Ni vile tu hutoki kwa ajili yangu. Umetoka kwa sababu ya Steve."

Wakuu, nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa na points kuliko wakili yeyote. Zote zikaisha hapo. Huyo mwanaume hakuwa amenichukulia kitu. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa kwa kiti, kicheko kikaenda kutafuta watu.

Siku chache baadaye nikamuuliza kama ile programu ya wenza bado ina nafasi.

Alikuwa anakata sukuma. Hakugeuka. "Jiandikishe kama watu wengine."

Nikajiandikisha.

Naivasha nilikuwa mwanaume pekee kwa shamba la maua. Mabwana wengine wa mawakili walikuwa wamejificha bar. Mabibi waliniita "mwenyekiti" na kunipa vikapu vyao nibebe. Kwa kipindi cha mali ya wanandoa niligundua hata mashine yangu ya sweta ni ya wawili kama tumeinunua pamoja. Wale kina mama wakaniangalia mpaka nikatafuta maji ya kunywa.

Masomo yalijaa, wakuu. Ile dawa ya lunch ilifanya kazi, mawakili wakabaki ndani wakinuna kama wanafunzi wa bweni. Nilisimama kwa mlango nikamwona Mwende akipita katikati ya viti na ile badge yake, watu wazima wanamuuliza kama wanaweza kwenda msalani. Sikuwahi kumwona kazini. Ni mrefu huko.

Gala ikafika. Muziki ukaanza, Steve akanyoosha mkono, wakaingia katikati.

Anajua kucheza. Nilitamani ateleze na hicho kiatu chake. Hakuteleza. Alimzungusha Mwende, gauni likafunguka kama mwavuli, Mwende akacheka kile kicheko mbele ya watu wote. Nami nikakaa nikawatazama wimbo wote mpaka mwisho, nimeshika soda imeshakuwa moto. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo.

Watu wakapiga makofi. Steve akaenda kwa meza yake, bibi yake akamfuta jasho.

Mwende akaja kwangu. Akajitupa kwa kiti, akaweka miguu yake juu ya mapaja yangu.

"Fundi wa mitambo ni mwizi. Mike imezima mara ngapi? Na yule mbuzi ulimwona? Alikuwa babu."

"Nilikula. Alikuwa na hasira bado."

Akacheka.

Kilianzia chini. Kikatoka na machozi kidogo.

Nisiwadanganye kwamba wivu umeisha. Simu ikilia wakati wa ugali bado nasimamisha tonge. Lakini nilichojifunza ni hiki: wivu ukibaki nao nyumbani unazaa watoto. Siku hizi nikiwa nao naenda nao, tunakaa pamoja pale nyuma, tunaona wenyewe. Mara nyingi tunapata hakuna kitu cha kuona isipokuwa mke wangu akiwa na furaha, na mimi niko karibu kiasi cha kuletewa miguu.

Wale mnao mabibi na mabwana wachangamfu, muziki ukipigwa nyinyi hukaa wapi? Na kama kuna wakili humu, aniambie: lile pingamizi langu lingesikizwa kama ningekuja bila soksi kama Steve?