Mnyama Kwenye Udongo wa Kula

Dada yangu alikuwa amekwisha kula kichwa nilipogundua kwamba mikwaruzo iliyobaki ilikuwa mnyama.

Udongo ule ulitoka kwetu Kivu. Mama aliufunga pamoja na ndagala, vile visamaki vikavu, akampa jirani aliyekuwa anakuja Brussels, kwa sababu dada ni mjamzito na wajawazito wa kwetu hutamani udongo. Unaouzwa madukani hapa umefinyangwa. Huu ulichimbwa, mgumu kama tofali, na dada alikuwa akiutafuna mbele ya televisheni, kwake Woluwe. Nilimshika mkono. Mgongo, mkia, miguu minne, tumbo lenye mistari midogo. Shingo iliishia penye alama za meno.

"Dada, acha! Kuna munyama amechorwa hapa."

"Munyama gani? Bon, kama uko na njala sema, nikukatie."

"Tema basi!"

"Niteme nini? Mutoto amesha kula." Akashika tumbo, akacheka. Mimi sikucheka.

Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja karibu na Flagey. Binti yake ni mtafiti wa mambo ya kale. Kesho yake nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliikuza, kisha akaniomba tusiuoshe udongo huo wala tusiusogeze karibu na moto.

Nilijua tumechelewa. Dada aliuosha siku ulipofika, na kwetu udongo huchomwa jikoni kabla ya kuliwa ili usiumize tumbo. Mtafiti alisema huenda mchoro ni wa watu wa kale sana, huenda ni wa mchunga ng'ombe wa juzi. Kipande kilichochomwa hakiwezi kumwambia ni cha lini. Shimo kilikotoka lingeweza, kama bado lina vingine.

Nilimpigia mama.

"Maman, ule udongo anauchimba nani?"

"Maman mumoja wa sokoni. Mbona? Dada yako anaumwa?"

"Hapana. Vipande vingine viko na michoro?"

"Nani anaangalia? Tunachoma, tunakula. Watu wanaupenda sana, kila siku ya soko unaisha."

Nilimsihi aende kumsimamisha yule mwanamke. Alikwenda siku ya soko iliyofuata. Mahali pake palikuwa patupu. Wenzake walimwambia kwamba amerudi kuchimba, na hakuna hata mmoja aliyejua ni kilima gani.