Benki Imeikataa Saini ya Kaka Yangu

Admin, jina langu usitoe hata herufi ya kwanza, maana kaka yangu amefundisha miaka mingi na najua wanafunzi wake wengi wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nimeolewa, naishi Kibaha maeneo ya Pangani, nafuga kuku na kuuza mayai. Nimechoka ndugu zangu. Hata kulia nimechoka, naandika hivi huku nachemsha uji wa kumpelekea mama wodini.

Tumezaliwa watatu. Wa kwanza ni huyo kaka, mwalimu mstaafu, anaishi Kisarawe kwenye nyumba ya wazazi. Wa pili mimi, na wa mwisho ni mdogo wetu wa kiume, fundi bomba hapa hapa Kibaha. Baba alipofariki tuliuza shamba la mikorosho, tukakubaliana hela yote ikae benki kwa ajili ya kumtunza mama. Sasa kwetu hakuna mwizi, ila hakuna anayemwamini mwenzake pia. Tukafungua akaunti ya pamoja, tukataka hela isitoke bila saini za wote watatu. Afisa wa benki alituuliza, "Wawili hawatoshi? Mmoja akiugua je?" Mdogo wetu akamjibu, "Dada, wewe andika watatu. Asikosekane hata mmoja." Tukacheka, tukasaini, tukaenda kunywa soda. Niliona tumefanya jambo la maana sana.

Mwezi uliopita mama, ambaye anaishi kwangu, aliteleza uani akavunjika nyonga. Daktari amesema lazima awekewe chuma, na tukichelewa hatasimama tena. Kwa mayai yangu gharama ile siiwezi, lakini hela ya benki inatosha kabisa. Nikampigia kaka aje tusaini. Akasema ana mafua. Nikapiga tena, akasema ana kikao cha usharika. Mara nyingine akanikatia simu. Mdogo wetu akawaka: "Si nilikwambia dada? Huyu anataka agawiwe kwanza ndipo asaini! Mama yuko kitandani anateseka, yeye anaringa!" Na mimi niliamini, siwafichi.

Nikaenda Kisarawe mwenyewe, nimejiandaa kugombana. Nikamkuta barazani anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaulaza mapajani na unatetemeka. Wifi ndiye aliyenivuta jikoni akanieleza kwamba kaka alipata kiharusi wakati wa mvua, akawakataza wote wa nyumbani wasituambie. Hasira iliniisha pale pale. Nikarudi barazani nikamwambia, "Kaka, twende hivyo hivyo, si saini tu." Akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, twende."

Ninyi mliosoma zamani mnajua mwandiko wa mwalimu ulivyokuwa. Wa kaka watu waliufuata mpaka nyumbani: kadi za harusi, vyeti vya kwaya, hata majina kwenye misalaba ya makaburini aliandika yeye. Mimi kanifundisha kuandika kabla sijaanza shule, kanishika mkono akiuendesha herufi kwa herufi, na nikipinda mstari napigwa vidole.

Siku ile ya benki tulikwenda wote watatu, kaka kavaa koti. Mtu mzima mmoja kwenye foleni alimwona akasema, "Shikamoo Mwalimu!" akampisha mbele. Kaka akasaini. Binti wa kaunta akaangalia, akasema kwa upole, "Baba, haifanani na tuliyonayo. Jaribu tena." Akajaribu. Ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Alipojaribu tena kalamu ikamponyoka, na yule aliyempisha ndiye aliyeinama kuiokota. Sitasahau.

Afisa akatuita pembeni. Alisema njia ipo: kaka alete karatasi ya daktari, tubadilishe, awe anaweka dole gumba badala ya saini. Pia akatupa fomu nyingine ya kutoa hela, kwamba kama kaka atapata nafuu aisaini nyumbani akiwa ametulia, mmoja wetu airudishe. Kaka hakutaka kusikia habari ya dole. "Mimi nimefundisha nusu ya Kisarawe kuandika. Leo mimi niweke dole gumba?" Akatoka nje. Mdogo wetu, na maneno yake yote yale, alibaki kwenye kiti amejifunika uso.

Jana kaka kanipigia. Kaongea kwa sauti ya chini, wifi asisikie. "Mdogo wangu, mwandiko wako ni wa kwangu. Nisainie wewe. Nani atajua?"

Ndugu zangu, asubuhi hii nimejaribu nyuma ya kalenda. Imetoka vile vile, mpaka na ule mkia wa mwisho. Nimeiangalia nikaogopa. Kaka karidhia, ndiyo, lakini benki haijaridhia, na kughushi ni kughushi hata ukimghushia ndugu yako kwa kumwonea huruma. Nikishikwa, nani atampelekea mama uji? Nikikataa, itabidi nimlazimishe kaka kitu anachokiona ni kuvuliwa nguo mbele ya wanafunzi wake. Na siku zinakwenda. Mama kila nikifika ananiuliza, "Mwanangu, si mlisema hela ipo?" Namjibu, "Ipo mama, ipo salama."

Fomu iko hapa mezani, saini ya mdogo wetu ipo, yangu ipo, sehemu ya kaka iko wazi. Nipeni akili jamani, matusi muwaachie wengine. Nimsainie? Au niende Kisarawe nimshike kaka mkono kama alivyonishika mimi, nimpeleke benki, nikibonyeze kidole chake kwenye wino?