Msonobari wa Mwisho wa Teunis

Tangu asubuhi Teunis alikuwa akiangusha misonobari kando zote mbili za njia, matawi yashikane, ili ikwame mizinga ya jenerali wa Kiingereza aliyeshuka kutuadhibu sisi walowezi tulioasi. Majirani walishakimbilia kusini. Mkewe, Marretje, alikuwa bado nyumbani, upande anakotokea adui.

"Angusha wa mwisho!" kapteni wetu akafoka. "Au unamngoja jenerali umpe mkono?"

Teunis akauangusha, kisha akazunguka-zunguka, asiweze kukaa.

Jua lilipoinama, Marretje akachomoza kwenye matawi, amechubuka, kuku kwapani.

"Kazi gani hii, mume wangu? Mimi na kuku tumepita!"

"Mizinga haipandi matawi."

"Askari wana miguu kama yangu."

Teunis akacheka huku machozi yakimtoka, akalishika shoka, akauendea msonobari mwingine.