Kundi la Waheshimiwa

Chumba cha Gladness Machibya kilikuwa zamani stoo ya karatasi, na bado kilinuka karatasi. Kilijibana nyuma ya jengo la Bodi ya Mialo, pale Mirongo, kati ya ngazi na choo cha wageni. Feni yake ilikufa kabla yeye hajaajiriwa. Lakini kutoka kwenye kiti chake, bila hata kuinuka, Gladness aliweza kuiamuru kila kompyuta ya ofisi: flashi za nje zikataliwe, nywila zibadilishwe kila mwezi, barua zote zitoke katika kiolezo kimoja, nembo mahali pamoja. Aliandika kanuni mara moja kwenye seva, na asubuhi watu walipowasha mashine zao walikuta kanuni imeshawatangulia mezani. Mtu mwenye mamlaka ya namna hiyo angestahili kuogopwa. Gladness walikuwa wakimtuma kuwatafutia chaja.

Mamlaka yake yalikuwa na tundu moja, nalo liliitwa msamaha.

Wa kwanza kulipitia alikuwa Meneja wa Kanda, Bwana Luhaga, mtu wa kifua kipana na sauti iliyotangulia viatu vyake. Alikuwa mlezi wa kwaya kanisani kwao, na video za kwaya alizibeba kwenye flashi, akazitazama ofisini baada ya chakula cha mchana. Siku flashi ilipokataliwa aliagiza kompyuta yake iachwe. Gladness akaunda kundi kwenye seva, akaliita Wasamehewa, akamweka humo peke yake.

Lakini ofisini, jambo akisamehewa mkubwa huacha kuwa msamaha, huwa cheo. Akaja mhasibu, Jairo Otuoma, Mluo wa Shirati. Alieleza kwamba nywila yake ni jina la fahali wa marehemu baba yake, na kulibadilisha kila mwezi ni kumsumbua mzee kaburini. Aliyaeleza hayo ukumbini, kwa sauti, akalitaja na jina lenyewe la fahali, na tangu siku hiyo ofisi nzima ikawa inaijua nywila ya mhasibu. Akasamehewa. Akafuata afisa manunuzi, akafuata katibu muhtasi kwa sababu ya presha. Mwishowe kanuni za Bodi, zilizopitishwa kwa semina ya siku nzima na pilau, zilibaki zikiwatawala watu wawili: Princess wa mapokezi, na Gladness mwenyewe aliyeziandika.

Ndipo kirusi kikaingia. Kilikuja ndani ya mojawapo ya flashi zilizosamehewa, kikala takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye mialo yote, toka visiwani hadi ng'ambo ya Busisi. Hakuna aliyeuliza flashi ilikuwa ya nani. Wakati wa chai Bwana Luhaga aliweka kikombe chini, akatangaza kwamba mkaguzi wa kompyuta anakuja kutoka makao makuu Dodoma, na akizikuta mashine katika hali ile, Gladness atahamishiwa kituo cha Ziwa Rukwa, ambako kompyuta ni moja na umeme ni wa kusikia. Watu wakacheka. Gladness naye akacheka, kwa maana ndivyo chai ya meneja inavyonywewa.

Nyumbani hakucheka. Alikuwa akiishi Igogo na mama yake, Kabula, aliyepoteza macho yote mawili uzeeni. Nyumba ilikuwa imeegemea jabali, na mama yule aliijua kwa viganja: jabali lilimpeleka jikoni, ukuta ukamfikisha mlangoni, na harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka kwa jirani ikamwambia kama upepo unatoka ziwani. Humo ndani alitembea kama mtu anayeona. Siku alipolazwa hospitali aligeuka kipofu kweli, akapapasa hewa na kulia kama mtoto. Kumpeleka Rukwa kulikuwa kumpofusha mara ya pili, na kumwacha hakukuwezekana, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Gladness hakumwambia kitu.

Alizunguka meza kwa meza akiwasihi wakubali kanuni hadi mkaguzi apite. Bwana Luhaga alimsikiliza kwa huruma.

"Waondoe hao wengine," akamwambia. "Mimi niache."

Otuoma alisema hivyo hivyo, na afisa manunuzi, na yule wa presha. Kila mmoja aliiona hatari waziwazi, nayo ilikuwa imekaa kwenye meza ya mwenzake.

Wiki hiyo Bwana Luhaga alikuta jina la kundi lake kwenye taarifa, akamwita.

"Gladness, hili neno Wasamehewa la nini? Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa, mzee. Ni jina la ndani ya kompyuta tu."

"Ndani ya kompyuta ndimo nilimo. Nitafutie lenye heshima."

Gladness alirudi chumbani akakaa mbele ya mashine. Mara nyingi alikuwa ameona watu wakigombea kiti cha mbele msibani, na kiti chenyewe kiko juani. Wazo lilimjia hapo, na halikutoka kwenye ujanja. Lilitoka kwenye uchovu. Akaunda kundi jipya, akaliita Waheshimiwa. Ndani yake akamwaga kila kanuni aliyokuwa nayo na nyingine kali kuliko zile za semina. Juu akapaka rangi: picha ya skrini ya buluu yenye ukingo wa dhahabu na maneno KUNDI LA WAHESHIMIWA katikati, picha ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha. Akamhamisha meneja peke yake. Wengine akawaacha walipokuwa, wasamehewa na huru.

Jumatatu simu ya meneja ililia.

"Skrini nimeiona, ni nzuri. Lakini flashi imekataa tena."

"Ndiyo, mzee. Kompyuta za Waheshimiwa hazipokei kitu cha kupita mikononi mwa kila mtu. Na nywila ya Mheshimiwa si ya kudumu kama ya watu wa kawaida."

Gladness alijiona tayari amepakia virago.

"Hilo mngelisema mapema," Bwana Luhaga akasema. "Mtu wa nafasi yangu hachomeki chomeki vitu ovyo."

Siku hiyo mlango wa ofisi yake, uliozoea kufungwa, ulikaa wazi, na kompyuta ikageuzwa ili mtu apitaye kwenye korido asikose kuiona. Video za kwaya zikahamia kwenye simu.

Otuoma alikuja kesho yake na soda baridi, akaiweka mezani kwa Gladness na kuketi bila kukaribishwa.

"Dada, mimi na Luhaga tumeanza kazi mwaka mmoja. Leo yeye Mheshimiwa, mimi msamehewa, kama mwizi wa kuku?"

"Kule kuna masharti, kaka. Fahali wa mzee hataingia."

Otuoma alifikiri kidogo. "Mzee alipenda sana heshima. Ataelewa."

Baada yake mlango haukutulia. Afisa manunuzi alileta barua ya kuomba. Katibu muhtasi alisema presha yake inapanda kila anapoiona ile skrini kwa wenzake. Watu waliokataa kufungwa kwa amri walipanga foleni wafungwe kwa heshima, na Gladness aliwafunga mmoja mmoja, wakamshukuru.

Hatari ilirudi kwa njia ya gereji. Dereva Shigela alikuwa na kompyuta chakavu ya kuandikia mafuta, naye akaomba, na Gladness, aliyetaka kila mashine iwe salama, akamwingiza. Siku chache kabla ya mkaguzi kufika, Bwana Luhaga alitokea mlangoni kwa Gladness, mahali ambapo hakuwahi kufika.

"Shigela ni Mheshimiwa?"

"Kompyuta ya mafuta, mzee, si yeye."

"Nimeiona kwa macho yangu, inang'aa dhahabu katikati ya matairi. Nitoe humo. Nirudishe nilikokuwa."

Gladness aliona mkono wa mama yake ukipapasa ukuta ambao si wake. Angeweza kusema kweli hapo, na kweli ingempeleka Rukwa.

"Kuna ngazi ya juu zaidi," akasema taratibu. "Lakini ni ngumu, mzee. Sijamweka mtu."

"Ngumu vipi?"

"Ukiinuka tu inajifunga yenyewe. Huiwekei programu hata moja. Hata saa ya kompyuta huibadilishi."

"Shigela anaweza kubadilisha saa?"

"Anaweza."

Bwana Luhaga alivuta pumzi, akaipandisha suruali yake.

"Basi mimi nisiweze."

Mkaguzi alikuja, akakagua, akavua miwani na kuifuta, akakagua tena. Katika kanda zote alizopita, alisema, mashine za wakubwa ndizo zilizokuwa mbovu. Hapa iliyofungwa kuliko zote ilikuwa ya meneja. Kabla ya kuondoka aliuliza kwa aibu kidogo kama ile skrini ya dhahabu ingeweza kuwekwa kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kisha akaandika pendekezo kwamba Gladness Machibya ahamishiwe Dodoma, akafundishe kanda nyingine.

Gladness alilisikia kama adhabu ile ile ya Rukwa. Kuzimu au mbinguni, mama yake asingekuwa na jabali.

Bwana Luhaga alimwita jioni, barua yake ya majibu ikiwa mbele yake, imetoka katika kiolezo cha Bodi, nembo mahali pake.

"Nimekataa," akasema. "Nimewajibu huyu haondoki maadamu mimi nipo. Nikuachie uende, Waheshimiwa nitawaachia nani?"

Aliyasema kwa huzuni ya kweli, kama baba anayeomba asiachwe na watoto. Gladness alimtazama na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko vitisho vyote vya chai. Akasema asante, mzee.

Alishuka Igogo kwa miguu. Mama yake alikuwa ameketi nje, mgongo kwenye jabali, akichambua mchele kwa vidole.

"Shikamoo, mayu. Hatuhami," Gladness akasema, akaketi chini kando yake.

"Marahaba." Vidole vikasimama juu ya ungo. "Kwani tulikuwa tunahama?"