Seva Isiyo na Kioo

Wivu wa mapenzi una nyimbo zake na washangiliaji wake. Wivu wa ofisini hauna hata wa kuusimulia, na ndio uliomla Bu Wartini, yaani Mama Wartini, pale mjini Semarang, mtu mzima mwenye wajukuu na akili zake timamu.

Ofisi yao ilishughulikia mizigo ya bandarini: watu wanane na feni mbili. Faili la wateja na makontena lilikaa kwenye kompyuta ya Bu Wartini, na wenzake walilifungua kwa waya kutoka mezani kwao. Kwa hiyo yeye akizima, wote wamezimika. Akiinuka kwenda kuswali, hukosi kusikia: "Bu, usizime, tafadhali!" Wawili wakiandika kwa pamoja na faili likavurugika, ni yeye aliyelitengeneza, huku wenzake wamemsimamia nyuma wakipumua polepole. Alinung'unika sana kuhusu kazi hiyo. Moyoni alikuwa analamba asali.

Ndipo akaajiriwa Kinanti, binti aliyesomea kompyuta, wa sauti ya chini, anayeomba radhi hata akipishana na kiti. Mwanzoni alikaa kimya. Kisha siku moja faili likavurugika, na Mas Trisno wa dawati la forodha, mwanamume asiyejua kufunga mdomo, akaita, "Mbak Kinanti, hebu njoo utazame!" Bu Wartini alikuwa meza ya pili. Akajifanya anashughulikia ukucha ambao haukuwa na tatizo lolote.

Kinanti akatazama, akasema faili halina kosa, kosa ni mtindo. "Ni kama sufuria moja, kila mtu anachota mchuzi mwenyewe. Miiko ikigongana, unamwagika. Tunahitaji seva ya hifadhidata. Yaani apakue mmoja, sisi tuagize tu."

"Na mpaka leo aliyekuwa anapakua ni nani?" akauliza Bu Wartini.

"Hakuna, Bu."

Hakuna! Miaka yote ile, hakuna. Alikwenda chooni akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Pak Gunarto, mwenye ofisi, akawaita wote wawili wamchagulie mashine na mfumo wa kuiendesha. Bu Wartini alitaka Windows ileile waliyoizoea, kwenye kompyuta mpya, pembeni ya meza yake. Sababu zake hazikuwa mbaya: kila mtu angeweza kuishika, na ikiugua, mafundi wamejaa kila mtaa. Sababu ya kweli hakuitaja. Alitaka ikae kwake.

Kinanti alitaka Linux, mfumo mwingine usiolipiwa, na juu yake hifadhidata ya Postgres. Watu wanane si mzigo, alisema, hata kompyuta kuukuu iliyoko stoo itawaweza. Tena ikishawashwa haihitaji kioo wala kibodi, ikae tu kabatini karibu na chumba cha sala.

"Haina kioo?" Bu Wartini akacheka kwa pua. "Mgonjwa asiye na uso! Utajuaje anaumwa?"

"Tutaichungulia kutoka kompyuta yoyote, Bu."

Hilo "yoyote" likamchoma, na wivu ukampa maneno. "Pak, huyu kesho ataolewa ahamie Jakarta. Hiyo Linux yake ikilala, nani ataiamsha? Tumpigie simu akiwa ananyonyesha? Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Lo!" Mas Trisno akaguna mlangoni, alikokuwa akisikiliza bila aibu. "Bu ameshapanga mpaka harusi!"

Bu Wartini aliliuliza kwa ubaya, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Kinanti akainamisha kichwa. "Bu amesema kweli. Ofisi ndogo ichague kitu ambacho mtu wake atakiweza. Basi nitamfundisha Bu."

"Safi kabisa," akasema Pak Gunarto. "Tunachukua Linux, na mtunzaji ni Bu Wartini. Yeye haendi popote."

Alishinda kesi, akafungwa yeye.

Seva ilipoanza kazi wakasoma dua, wakaletewa tumpeng, ule mlima wa wali wa njano ambao kilele chake hukatwa na mkubwa, naye humpa anayemheshimu kuliko wote. Bu Wartini alikuwa amevaa mtandio mpya. Pak Gunarto akakata, akaweka na kipande cha kuku, na sahani ikapita mbele ya pua ya Bu Wartini kwenda kwa Kinanti. Akapiga makofi pamoja na wengine, tena kwa nguvu kuliko wengine.

Mchana ule akaizima kompyuta yake makusudi. Hakuna aliyeinua kichwa ila Mas Trisno. "Bu umezima, na mimi bado napiga kazi! Raha ilioje!"

Laiti Kinanti angekuwa na kiburi, angechukiwa kwa amani. Lakini alikuja na kiti chake, akaiwasha tena ile kompyuta, akafungua njia ya kwenda kwenye seva. "Bu, sasa weka nywila kuu. Hata mimi nisiijue. Liwe neno ambalo hakuna atakayelidhania, na wewe mwenyewe hutalisahau." Kisha akageukia ukutani kwa adabu.

Bu Wartini akawaza jina la mumewe. Trisno angelibahatisha. La mjukuu? Picha yake ilikuwa pale mezani. Kulikuwa na neno jingine, alilolala nalo na kuamka nalo, alilolimeza na kila tonge. Vidole vikaandika: kinanti. Kioo hakikuonyesha kitu. Seva ikataka arudie, akarudia.

"Umepata zuri, Bu?"

"Sitalisahau."

"Alhamdulillahi," akasema Kinanti, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, ili aingie kwenye seva aliyoambiwa ni yake, Bu Wartini ilimbidi kwanza aliandike jina lile, herufi kwa herufi, bila kukosea.